Majani hai kwenye tangi la samaki: namna ya kuyapanda na kuyatunza kwenye baridi ya Ufipa

Tangi la kioo lenye samaki wa mapambo si kitu cha ajabu tena Sumbawanga. Utalikuta mapokezi ya nyumba ya wageni, dukani, hata sebuleni kwa mtu wa kawaida ambaye fundi wa vioo na alumini amemkatia vipande vitano na kuvigandisha kwa silikoni. Ndani yake mara nyingi kuna majani ya plastiki. Na lalamiko tunalolisikia zaidi ni moja: umeme umekatika usiku, asubuhi samaki wanaelea.

Katika makala haya tunaeleza kuhusu majani hai, hasa yale yanayoitwa mimea ya shina, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo yanayoweza kupatikana huku kwetu. Tunaeleza pia hatari mbili zinazokuja nayo, kichocho na magugu ya majini.

Mmea wa shina ni ule unaopanda juu kwa shina moja lenye vifundo, na kila kifundo kinatoa majani. Kama umewahi kupanda marando ya viazi vitamu, kazi hii unaijua tayari. Unakata kipande chenye vifundo kadhaa, unakichomeka, mizizi inatoka kwenye vifundo vilivyofukiwa na machipukizi yanatoka vilivyo juu. Tofauti ni kwamba shamba lenyewe liko chini ya maji.

Kwa nini majani hai

Uwanda wa Ufipa uko juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji yenye joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko yale ya Dar es Salaam. Kwa hiyo idadi ya samaki inayoishi vizuri kwenye tangi la Pwani inaweza kuwa nyingi mno kwa tangi la hapa, hata kama ukubwa ni mmoja.

Majani hai yanasaidia kwa njia mbili. Mchana, yakipata mwanga, yanatoa oksijeni ndani ya maji. Na wakati wote yanakula amonia, ile sumu inayotokana na mkojo wa samaki na chakula kilichobaki. Amonia ndiyo inayoua samaki wengi wa tangi jipya, na maji yakiwa na magadi mengi inakuwa kali zaidi.

Lakini tusidanganyane. Usiku majani nayo yanavuta oksijeni kama samaki. Tangi lililosongamana majani na samaki, umeme ukikatika saa 3 usiku na pampu ya hewa ikasimama, litafika alfajiri likiwa na hewa kidogo sana. Majani si mbadala wa pampu. Dawa ya kukatika kwa umeme ni kuweka samaki wachache, kuacha nusu ya uso wa maji wazi bila majani yanayoelea, na kutojaza maji hadi ukingoni. Umeme ukikatika muda mrefu, chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mara kadhaa. Inachosha, lakini inaokoa.

Mimea ipi, na inatoka wapi

Ufipa imekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanalijua jina la Kasanga kuliko wanavyoijua Sumbawanga, kwa sababu samaki wa rangi wa miamba ya Kasanga wanauzwa huko kwa jina la kijiji hicho. Wachache wanafahamu kwamba ziwa hilohilo lina pia majani mazuri ya tangi.

Kwenye ghuba tulivu za Ziwa Tanganyika, penye mchanga na tope, kunaota Ceratophyllum demersum, mmea wenye majani membamba kama sindano yaliyozunguka shina mfano wa mkia wa paka. Kunaota pia Hydrilla verticillata, wenye vijani vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko kwenye kila kifundo, na aina za Potamogeton zenye majani marefu. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana magadi, na mimea mingi iliyozoea maji laini hudumaa ikiwekwa humo. Hii ya ziwani ina ujuzi wake: haitegemei hewa ya kaboni iliyoyeyuka peke yake, inaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti, yaani ule ugumu wenyewe wa maji. Ndiyo maana wakati mwingine utaona vumbi jeupe kama chokaa juu ya majani yake. Si ugonjwa. Ni chokaa kinachobaki baada ya mmea kula.

Ukiletewa mimea ya dukani kutoka mijini, majina utakayoyasikia ni Bacopa, Ludwigia na Hygrophila. Hiyo nayo ni mimea ya shina na ni mivumilivu. Ile myekundu sana inayopendeza kwenye picha za simu tunashauri uiache kwanza. Inataka mwanga mkali na mtungi wa hewa ya kaboni, gharama ambayo mtu anayeanza haihitaji.

Sasa hatari ya kwanza. Majani ya ziwani na ya mabwawani ni makazi ya konokono, na baadhi ya konokono hao hubeba vimelea vya kichocho. Vimelea hutoka kwenye konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mambo mawili. Usimtume mtoto kuingia majini kuchuma majani. Tumia reki au fimbo yenye ndoano ukiwa nchi kavu au ndani ya mtumbwi, pamoja na mvuvi anayepajua mahali. Na Ziwa Rukwa lina mamba wengi. Huko usiende kabisa kwa ajili ya majani. Aliyegusa maji hayo na baadaye akaona damu kwenye mkojo au choo aende kituo cha afya. Kichocho kina dawa, inaitwa prazikwanteli.

Jambo la pili ni kutomkaribisha konokono nyumbani. Majani yakifika, yamwage kwenye beseni jeupe, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na ukague chini ya kila jani. Mayai ya konokono yanaonekana kama ute mgumu wenye vidoti. Yasuuze, kisha yaloweke kwa saa 3 kwenye maji yenye shabu ya kusafishia maji, vijiko 2 vya chakula vya unga wake kwa lita 4. Suuza tena vizuri. Shabu huua konokono lakini mayai yanaweza kupona, hivyo yaweke majani kwenye ndoo ya peke yake kwa wiki 3, mahali penye mwanga, na ukague kila baada ya siku chache. Konokono akianguliwa utamwona. Mtoe, mponde, na uanze kuhesabu wiki upya. Watu wengi huruka hatua hii kwa kukosa subira. Sisi tunaiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Ndoo hiyo ifunikwe kwa kipande cha chandarua. Maji yaliyotulia nje ya nyumba ni kitalu cha mbu.

Ukitaka kuchuma majani au samaki ziwani kwa ajili ya kuuza, onana kwanza na afisa uvuvi wa halmashauri yako, kwa sababu kazi hiyo ina vibali vyake.

Tangi, mchanga na maji

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linatosha kuanzia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi hilo likijaa pamoja na mchanga na kioo chake hufika kilo 80. Kimeza cha televisheni hakitalibeba. Tafuta meza ya mbao ngumu au jenga tofali.

Mchanga wa mto unafaa, ila uoshwe mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara kumi. Kabla ya kuusomba, dondoshea siki juu ya kiganja kimoja cha mchanga mkavu. Ukitoa mapovu, una chokaa na utafanya maji kuwa magumu. Kwa samaki na majani ya Tanganyika hiyo ni neema. Kwa mimea ya dukani inayopenda maji laini, tafuta mchanga mwingine.

Ugumu wa maji yako unaupima kwa sabuni ya mche. Ikitoa povu upesi, maji ni laini. Ikigoma na kuacha utando mweupe, ni magumu. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kutumia. Maji ya mvua ni laini mno, hayana karibu chochote cha kulisha mmea, kwa hiyo yachanganye nusu kwa nusu na ya kisima au bomba. Mvua za kwanza zinazoosha vumbi la bati zima ziache zipite.

Chini ya mchanga unaweza kutandaza udongo, unene wa sentimita 2, kisha mchanga sentimita 3 juu yake. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ni mzuri, kwani wekundu ule ni wa chuma, na chuma ni chakula cha majani. Ufipa ina historia ndefu ya chuma. Mababu waliyeyusha mawe yake kwenye matanuru marefu yanayoitwa malungu, ambayo mabaki yake bado yapo sehemu mbalimbali za uwanda. Ila udongo uutoe mahali pasipolimwa. Wa shambani una mabaki ya mbolea ya viwandani na dawa za viwavi, na dawa hizo huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Mkulima wa Ufipa atauliza kuhusu ntumba. Ni kweli, matuta yale ya kufukia nyasi yamelisha uwanda huu kwa vizazi, na mtu anaweza kufikiri kwamba nyasi zikifukiwa chini ya mchanga wa tangi zitalisha majani vivyo hivyo. Hapana. Kwenye ntumba hewa inaingia. Chini ya maji nyasi zinazooza zinamaliza oksijeni na kutoa gesi inayonuka kama yai viza, na mizizi inageuka myeusi. Samadi hivyo hivyo.

Kupanda

Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 kwa mkasi au wembe mkali, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, maana yakifukiwa yataoza na kuozesha shina. Chomeka kwa kidole au kibano hadi vifundo hivyo vizame. Usifunge mashina kama mchicha wa sokoni. Kila shina na shimo lake, na nafasi ya upana wa kidole kati ya moja na jingine, ili mwanga ufike chini. Panda marefu nyuma na mafupi mbele.

Ule wenye majani ya sindano, Ceratophyllum, hauna mizizi kabisa. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe au uache uelee.

Wiki mbili za kwanza unaweza kuona majani yanalegea, yanakuwa kama kioo, na kuanguka. Mimea mingi ya dukani ilikuzwa nje ya maji, na majani yaliyozoea hewa hayawezi kuishi chini ya maji. Mmea unayaacha na kuota mengine. Hapa ndipo watu wanapong'oa na kutupa. Ukiminya shina nalo ni gumu, subiri. Likiwa laini kama uji, toa.

Mwanga na baridi

Tangi lisiwekwe dirishani jua linapopiga. Litageuka kijani kwa mwani kabla majani hayajakua. Taa nyeupe ya LED juu ya tangi, iwashwe kwa saa 8 kila siku kwa muda uleule, inatosha. Anayefungua duka anaweza kuwasha saa 2 asubuhi na kuzima saa 10 jioni. Mwani ukianza kufunika majani, punguza hadi saa 6 na upunguze chakula cha samaki kabla ya kufikiria dawa yoyote. Siku moja au mbili za giza kwa sababu ya umeme hazidhuru majani.

Kinachodhuru ni Juni na Julai. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 28 karibu mwaka mzima, lakini usiku wa kipupwe Sumbawanga nyumba isiyo na moto hushuka chini sana ya hapo. Samaki aliyepandishwa mlima kutoka Kasanga hawezi kuishi kwenye maji hayo bila hita. Kwa tangi la lita 60 kwenye chumba cha huku, hita ya wati 100 ndiyo ya kutegemea. Ya wati 50 itachemka usiku kucha bila kufikisha joto. Funika tangi usiku kwa blanketi, na chini yake weka kipande cha sponji la godoro.

Majani yenyewe ni mavumilivu kuliko samaki. Ceratophyllum na Hydrilla hupita kipupwe bila hita, ila hukua polepole. Bacopa na wenzake hudumaa chini ya nyuzi 18. Kipindi hicho usikate sana. Unapobadilisha maji, robo ya tangi kila wiki, ongezea maji ya moto kwenye ndoo hadi mkono usihisi tofauti. Ceratophyllum ukishtuliwa na baridi ya ghafla hupukutisha sindano zote kwa siku moja na kuziba chujio.

Chakula, na kusoma majani

Kinyesi cha samaki ndiyo mbolea kuu. Usiweke UREA, DAP wala CAN kwenye tangi lenye samaki, hata punje chache. UREA na DAP huishia kuwa amonia ndani ya maji, CAN nayo ina amonia tayari, na tumeshaeleza inachofanya. Majivu nayo yaache jikoni.

Majani yanasema yanachokosa, na aliyelima mahindi anajua kusoma. Majani ya chini yakiwa ya njano huku ya juu ni mazima, nitrojeni imepungua: samaki ni wachache au unabadilisha maji kupita kiasi. Majani ya chini yakitoboka vitundu vidogo vyenye kingo za kahawia, ni potasiamu. Majani machanga ya juu yakitoka meupe na mishipa ikabaki kijani, ni chuma. Kwa hili la mwisho, finyanga vidonge vya udongo mwekundu vikubwa kama goroli, vikaushe, uvizamishe ndani kabisa ya mchanga karibu na mizizi. Kwa upungufu wa mara kwa mara, mbolea ya maji ya chupa iliyotengenezwa kwa matangi ndiyo salama, nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Adui mwingine hana uhusiano na maji. Dawa ya mbu ya kupuliza huua samaki. Kabla ya kupuliza chumba, toa pampu ya hewa kwenye umeme, funika tangi kwa nailoni na taulo, na usifunue mpaka chumba kimepata hewa.

Kuhusu samaki wa kuishi nayo: sato na perege hula majani, na baadhi ya aina za perege hula kama mbuzi. Kambale hufukua. Samaki wa dhahabu hutafuna yaliyo laini. Gapi na samaki wengine wadogo hawana tatizo.

Kukata na kutupa

Shina likifika juu ya maji huanza kutambaa na kutia kivuli cha chini, na majani ya chini huanguka. Kata nusu ya juu, uichomeke kando kama mche mpya. Kisiki kilichobaki kitatoa vichipukizi viwili. Baada ya kukata mara tatu au nne kisiki huchoka, king'oe.

Utabaki na majani mengi kuliko unayohitaji, na hapa kuna hatari ya pili. Usiyatupe mtoni, bwawani, wala kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Pingili moja yenye kifundo inatosha kuanzisha mmea mpya. Gugumaji lililoziba ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 lilitoka Amerika Kusini na kuenezwa duniani kama ua la mapambo. Hydrilla, ambayo kwetu ni majani ya kawaida ya ziwani, ilifika Florida miaka ya 1950 kwa biashara ya matangi ya samaki na ikawa gugu linaloziba mito na mifereji ya huko. Mto Momba unamwaga Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kalambo unamwaga Tanganyika, lenye samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Mmea wa dukani uliotoka Asia au Amerika hauna kazi kwenye maji hayo.

Yaanike majani juu ya bati au turubai juani mpaka yavunjike yakishikwa, halafu yatie kwenye shimo la mboji au yafukie kwenye tuta. Huko ndiko ntumba inakoyahitaji. Maji unayotoa kwenye tangi mwagia bustani ya mboga, yana nitrojeni. Na ukimpa jirani vipande, vifunge kwenye gazeti lililoloweshwa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na jua. Vitafika Laela au Namanyere vikiwa hai, na huko navyo vikae ndoo ya peke yake wiki 3.